Kisanduku cha tatu: jina ambalo app yangu ilitaja na hakuna mtu aliyeliandika

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Kakamega tuko salama.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nasoma visa vya watu, nacheka, natoka. Leo nimeona nami niweke changu kwa sababu kimenikaa kifuani na nyumbani hakuna wa kunisaidia kukielewa. Kila kitu hapa ni kweli. Nikiongeza chumvi, na iniharibikie mboga.

Niseme mapema: mimi si mtu wa kuamini vitu. Nina kibanda cha kutengeneza simu Lurambi, na kazi hiyo imenifundisha kwamba kila shida ina sababu. Mteja akisema simu yake "imerogwa", naifungua, natoa maji ya supu. Kwa hiyo msije mkanipa mambo ya maombi kwenye comments kabla hamjamaliza kusoma.

Sasa.

Pembeni ya simu natengeneza app. Siandiki code, sijui hata mstari mmoja. Natumia zile za blocks: unaburuta vipande vya rangi kwenye skrini, unaviunganisha, app inafanya kazi. Najua kuna watu humu wanadharau hiyo. Endeleeni kudharau, mimi nakula.

Babu alituacha mwaka jana. Familia ikakubaliana kumfanyia kumbukumbu likizo ya Aprili, na Baba Mkubwa Wycliffe akanipa kazi ya kijitabu: majina ya watoto wote, wajukuu wote, vitukuu, kila nyumba na watu wake. Familia imesambaa Matete, Lugari, mpaka Nairobi. Nikasema hakuna shida, naunda app, inazunguka nyumba kwa nyumba, kila mzazi anajaza watoto wake.

Wazo lilikuwa rahisi. App inakuuliza una watoto wangapi. Ukiandika nne, inakutengenezea visanduku vinne papo hapo, unajaza majina. Ukiandika tisa, vinatokea tisa. Nilijiona mjanja sana.

Januari nikaenda Matete kuanza na Kukhu mwenyewe. Kukhu ni nyanya yangu, mama wa baba. Sijui ana umri gani, na yeye hasemi. Nilimkuta barazani anapepeta maharagwe kwenye ungo. Kilikuwa kiangazi kikali, mashamba ya miwa yalikuwa yanachomwa kabla ya kukatwa, na masizi yalikuwa yanaelea hewani yakitua taratibu kwenye kila kitu, hata kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Mulembe, Kukhu."

"Mulembe, mwana wanje. Hiyo simu kubwa ni ya nini?"

"Ni ya kuandika majina. Inauliza, uko na watoto wangapi?"

Aliweka ungo chini. Wakuu, mimi ni Mluhya na bado nilijisahau.

"Wewe nani alikufundisha kuuliza mutu hivyo? Watoto hawahesabiwangi. Kuku ndio inahesabiwanga, tena jioni, kujua kama kicheche imekula moja. Ukihesabu watoto unamwonyesha nani?"

Nikaomba msamaha. Kwetu mzazi hataji idadi ya watoto wake. Anakuambia "wako", basi. Kuwahesabu ni kuita macho mabaya yaje. Nami nilikuwa nimetengeneza app ambayo swali lake la kwanza kabisa ni hilo, na nilitaka kuizungusha kwa ukoo mzima. Ningefukuzwa kila nyumba.

Nikakaa palepale kwenye kigoda nikabadilisha. Nikatoa swali la idadi, nikaweka kitufe cha kujumlisha. Ukikigusa, kinazaliwa kisanduku kimoja kitupu. Unajaza, unagusa tena, kinakuja kingine. Hakuna mtu anayehesabu chochote isipokuwa app yenyewe, kimoyomoyo.

Kukhu akasema hiyo sawa. "Nitakuitia mmoja mmoja. Wewe andika."

Kwa vile anaongea haraka, na kwa vile nilitaka kumwonyesha maajabu, nikawasha ile maiki ya keyboard inayoandika unachosema. Akasema "Wycliffe", likaandikika. Akacheka kabisa. Nikagusa kitufe, akasema "Jackton", huyo ni baba yangu. Nikagusa kitufe tena.

Hapo akanyamaza.

Aliangalia migomba iliyo nyuma ya bafu. Alikaa hivyo kwa muda, mdomo umefungwa, mkono uko juu ya maharagwe. Nikadhani anakumbuka nani anafuata. Nikagusa kitufe mara nyingine bila sababu, vile mtu hugusa simu akiwa anangoja. Kisha akasema "Rose", akaendelea na Timona, Agneta na Patrick, tukamaliza. Nikahifadhi, nikala ugali wake na mboga ya mrenda, nikarudi Lurambi.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinanila akili siku hizo, maana haikuwa app.

Mke wangu Linet alikuwa amejifungua msichana, wetu wa kwanza. Tulimwita Tiffany. Jina alilichagua Linet, nami nikalipenda. Wiki ya kwanza alikuwa sawa. Wiki ya pili akaanza kulia kuanzia saa kumi alasiri, kila siku, na akilia anakataa titi. Anageuza uso upande mwingine. Tulimpeleka hospitali, wakampima kila kitu wakasema hawaoni ugonjwa. Lakini uzito ulikuwa unashuka. Wiki ya tano nesi wa kliniki alituangalia kwa ile sura ya mtu anayeficha kitu, akasema, "Mrudishe Ijumaa. Kama uzito haujapanda, tunamlaza."

Niliogopa, wakuu. Nilikuwa naingia chooni kibandani na kufungua bomba ili mteja asinisikie nikilia.

Senge Rose, dada ya baba, alinipigia akaniuliza swali moja tu: "Mulimwita nani?"

Nikamwambia Tiffany. Akasema tu, "Sawa."

Haikuwa sawa. Kwetu mtoto akilia bila sababu inasemwa kuna mtu wa zamani anataka jina lake. Wazee wanamshika mtoto, wanataja majina ya waliotangulia mmoja baada ya mwingine, na lile ambalo akilisikia ananyamaza na kunyonya, basi ndilo. Mimi nilikataa. Nilimwambia Senge mtoto si redio ya kutafutia stesheni.

Jumamosi moja nikarudi nyumbani mapema nikakuta viatu vya Senge mlangoni. Alikuwa amekuja nikiwa kazini, Linet akamfungulia. Walikuwa wametaja wote: babu, mama yake babu, shangazi zake, mpaka binamu aliyekufa kwa ajali. Mtoto alilia mpaka akakauka sauti. Niliwafokea wote wawili na Linet akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kwetu Bukura pia tunafanyanga hivi. Wewe unataka nikae tu nimwangalie akiisha?"

Nikaenda kukaa nje na simu yangu.

Basi nikajificha kwenye app. Wanaume tunajua hiyo.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ukifunga app na kuifungua, vile visanduku havipo tena, kwa sababu havikuchorwa, vilizaliwa. Inabidi app ivizae upya na kurudisha kila jina mahali pake. Yangu ilizaa visanduku vizuri lakini ikaweka majina yote kwenye kisanduku cha mwisho, moja juu ya lingine, kwa hiyo ulikuwa unaona Patrick tu. Nilisumbuka siku mbili. Dawa yake ni kukipa kila kisanduku namba yake ya siri kinapozaliwa, halafu unaiambia block: tafuta chenye namba hii, weka jina hili. Kama kuna mgeni anahangaika na hiyo, chukua bure.

Nikarekebisha, nikafungua fomu ya Kukhu.

Wycliffe.
Jackton.
Nasimiyu.
Rose.
Timona.
Agneta.
Patrick.

Niliangalia kisanduku cha tatu. Nasimiyu ni jina la msichana aliyezaliwa kiangazi, na liko kila kijiji huku. Lakini kwetu hayupo. Nikampigia Senge Rose, na bado tulikuwa hatuongei vizuri, nikamuuliza kama kuna ndugu yao anaitwa Nasimiyu.

"Mimi ndio nafuata baba yako. Kati yetu hakuna mutu. Nasimiyu ya wapi?"

Nikaona basi ni keyboard. Zinajua kujiandikia vitu. Kisanduku chenyewe nikakielewa: niligusa kitufe mara mbili pale Kukhu aliponyamaza, kikazaliwa cha ziada. Nikafuta jina. Nikafunga app, nikafungua. Nasimiyu.

Nikafuta tena, nikazima simu, nikaiwasha. Nasimiyu.

Ilikuwa saa kumi na mtoto alikuwa amekwishaanza. Nilikuwa nimechoka na sikuwa na akili ya kutafuta chanzo, kwa hiyo nikafanya kazi ya uvivu. Nikaunganisha block moja inayosema: fomu hii ikifunguka, kisanduku cha tatu kiwekee utupu. Nikafungua, kikawa kitupu kweli. Nikajaribu mara tano, kitupu. Nikaridhika.

Halafu nikaongeza kitu kimoja. Kukhu hajui kusoma, na Baba Mkubwa alitaka athibitishe majina kabla kijitabu hakijaenda kuchapishwa. Nikaweka kitufe cha sauti, app iwe inasoma majina yenyewe. Ile sauti ya mashine, ya kike, isiyo na pumzi. Nikaijaribu kwa fomu yangu mimi, ikasema "Tiffany", nikafunga.

Alhamisi, siku moja kabla ya ile Ijumaa ya nesi, nikaenda Matete. Linet akasema hataki kubaki na mtoto peke yake, akaja naye. Senge Rose tulimkuta huko, amekuja kumsaidia mamake kufua. Tulisalimiana kwa vidole.

Tukakaa barazani. Saa kumi ikafika na mtoto akaanza, palepale kwa dakika yake. Sauti yenyewe ilikuwa imepungua, wakuu, na hiyo ndiyo iliniumiza, kwamba hata kulia alikuwa hawezi vizuri. Linet alikuwa anamtembeza kutoka nguzo hii hadi ile. Upepo ulikuwa umekata. Masizi yalikuwa yanashuka wima.

Nikamwambia Kukhu tumalize haraka nipeleke watu wangu nyumbani. Nikafungua fomu yake mbele yake. Nikaangalia kwa macho yangu: kisanduku cha tatu kitupu. Nikabonyeza sauti.

"Wycliffe," ikasema mashine.

"Jackton."

"Nasimiyu."

"Rose."

Ungo ulianguka. Maharagwe yalimwagika baraza nzima na hakuna mtu aliyeinama kuyaokota.

Niliangalia skrini. Kitupu. Nawaapia, kile kisanduku kilikuwa kitupu, cheupe, na sauti ilikuwa imetoka. Ile mashine ikaendelea tu, Timona, Agneta, Patrick, ikanyamaza.

"Nani amekuambia hiyo jina?" Kukhu aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ndogo.

"Hakuna mtu, Kukhu. Ni makosa ya app. Nitaifuta sasa hivi."

"Usifute."

Akaangalia migomba. Senge Rose akafuata macho yake, akaangalia migomba, akamwangalia mamake, akakaa chini kwenye sakafu.

"Mama," akasema, "kuna mutu kati yangu na Jackton?"

Kukhu akatuambia kwamba kuna mmoja. Alizaliwa kiangazi, akakaa wiki sita. Alikuwa analia jioni na kukataa titi. Siku hizo mtoto mchanga akienda hakuna matanga, hakuna kulia, hakuna jeneza. Wanawake wawili wanamzika nyuma ya nyumba, wanapanda mgomba, na mama anaambiwa asilitaje tena jina hilo huyo aliyekwenda asije akamwita mtoto anayefuata. Aliyefuata alikuwa Rose. Wale wanawake wawili wameshakufa. Babu naye ameshakufa.

"Sikumusahau," alisema. "Mwana hasahauliwangi. Ananyamaziwa tu."

Kisha akanyoosha mikono. "Leta mutoto."

Linet alinitazama. Ningekataa, mimi yule wa stesheni za redio. Sikukataa. Nilitaka mwanangu aishi, na hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu yote.

Kukhu akamlaza mapajani, akainama mpaka kitambaa chake kikamfunika uso. Hakupiga kelele wala kuomba. Alimwambia sikioni, polepole, "Nasimiyu. Nasimiyu. Mama yuko."

Mtoto alipiga chafya.

Akanyamaza. Akafungua macho akamwangalia Kukhu, yale macho ya watoto wachanga ambayo hujui yanaona nini. Linet alimchukua akamweka kwenye titi, na akanyonya. Tulikuwa tunamsikia akimeza. Senge Rose alikuwa analia kwa sauti, mimi nalia, na Kukhu peke yake ndiye hakulia. Alikuwa ameanza kuokota maharagwe, moja moja.

Ijumaa mshale wa mzani ulipanda. Si sana, lakini ulipanda, na nesi akacheka. Akachukua kadi akauliza, "Tiffany, sivyo?" Linet akamjibu kabla yangu, "Ongeza Nasimiyu hapo mbele." Sasa hivi ninavyoandika ana mashavu.

Mimi ni fundi, kwa hiyo nilirudi kwenye blocks kutafuta.

Sauti nimeielewa. Mimi nilikuwa nabadilisha kinachoonekana kwenye kisanduku, lakini orodha iliyohifadhiwa nyuma sikuigusa. Macho yalikuwa yanaona utupu na sauti ilikuwa inasoma orodha. Ni kosa la mwanafunzi, nakubali, mnaweza kunicheka.

Kurudi kwa jina kila nikifuta, ni kosa hilohilo. Kisanduku cha ziada nimekwishaeleza.

Kilichobaki ni jina lenyewe. Nilifikiri: maiki ilikuwa wazi. Labda pale aliponyamaza alilitamka kwa chini, mimi sikusikia, simu ikasikia. Mama akitaja watoto wake kwa mpangilio, mdomo unaweza kumponyoka. Nilipenda sana jibu hilo. Nililala vizuri siku mbili.

Halafu nikamuuliza.

"Kukhu, siku ile ya kwanza, ulisema jina lake kidogo?"

Alinitazama kama ananionea huruma. "Kama ningekuwa na uwezo ya kulisema, ningelisema siku ile mke wako alizaa. Tangu waliponikataza, halijatoka kwa mdomo yangu. Nilikuwa namwangalia tu."

Wakuu, nimelelewa na huyo mama. Ananiambia ukweli hata nisipoutaka. Na mimi nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, namwangalia usoni, na mdomo ulikuwa umefungwa.

Kijitabu kimechapishwa. Ukurasa wa Kukhu una majina saba na hauna namba hata moja. Siku ya kumbukumbu pasta alipoyasoma, watu wengine waligeukiana kuulizana, na Senge Rose akasimama akasema kwa sauti, "Huyo ni dada yangu, nilimfuata." Kisha akaketi.

Nilichojifunza? Kwanza, kama unaundia watu wetu fomu, usianze kuwauliza wangapi. Weka kitufe cha kujumlisha, na uwaache waongeze wenyewe wanavyoweza. Pili, ukiona kitu kimejaa mahali ulipokiacha kitupu, usikimbilie kufuta. Uliza nyumbani kwanza. Na tatu, baba wa mtoto asiyenyonya ampeleke hospitali, kama sisi tulivyofanya, halafu amsikilize pia mkewe.

Ile block ya utupu sijaitoa kwenye fomu ya Kukhu. Ni ya kuburuta mara moja tu na kuitupa, lakini bado iko. Kila nikienda Matete ananiambia niwashe simu imsomee watoto wake. Kisanduku cha tatu kinakaa kitupu, sauti inamtaja, na Kukhu anaitikia, "Yuko."

Wataalamu wa blocks na wa mambo mengine, uwanja ni wenu. Nielezeni lile jina liliingiaje. Lakini msiniambie nirekebishe.